Tunajua kuwaondoa wabunge, hatujui kuwauliza

Tangu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ifungue tena daftari la wapiga kura mwishoni mwa Septemba 2025, siasa za Kenya zimekunjwa zikawa kauli moja: tukutane debeni 2027. Wanasiasa wa serikali huitamka kwa kejeli, wakiwakumbusha vijana kwamba kelele za mtandaoni hazihesabiwi na karani wa kituo. Wapinzani wao huitamka kwa uchu, wakiamini kwamba hasira za maandamano ya 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha ni mavuno yanayosubiri kukatwa. Mimbarini na katika tahariri za magazeti inatolewa kama nasaha. Mwitikio wa wiki za mwanzo ulipoonekana kuwa hafifu, hukumu ilipitishwa papo hapo: vijana waliofurika katikati ya jiji la Nairobi Juni 2024 wamechoka, au hawakuwa na nia tangu awali.

Hukumu hiyo imetazama mahali pasipo. Wakenya hawajawahi kukosa ari wala uwezo wa kumfukuza mbunge. Historia inaonyesha kwamba hiyo ndiyo kazi ya kidemokrasia wanayoifanya vizuri kuliko zote. Wanachokosa ni mahali pa kumuuliza kabla ya siku ya kumfukuza, na mtu atakayelazimika kuwajibu. Kati ya uchaguzi mmoja na mwingine kuna miaka mitano, na ndani ya miaka hiyo karibu kila mlango uliofunguliwa na Katiba ya 2010 umetiwa kufuli, mwingine kwa sheria, mwingine kwa uzembe, mwingine kwa maelewano ya vinara. Kijana anayesita kujiandikisha si lazima awe mvivu. Huenda amepiga hesabu, na hesabu yake ina mantiki kuliko tunavyotaka kukiri.

Rekodi ni ndefu. Mwaka 1969, katika uchaguzi uliofanywa baada ya chama cha upinzani cha KPU kupigwa marufuku, karibu nusu ya wabunge waliokuwa wakitetea viti vyao walibwagwa, mawaziri wakiwamo. Hakukuwa na chama cha pili cha kukimbilia, lakini mpiga kura aliweza kumtoa huyu wa chama tawala cha KANU na kumweka yule wa KANU, na alifanya hivyo bila huruma. Mtindo huo uliendelea katika miaka ya sabini. Vyama vingi viliporejea, mkono haukulegea: mwaka 2007 zaidi ya nusu ya wabunge hawakurudi Bungeni, Makamu wa Rais Moody Awori alipoteza kiti cha Funyula, mawaziri kadhaa walianguka pamoja naye, na wana watatu wa Rais mstaafu Daniel arap Moi walishindwa katika uchaguzi huo huo. Kama kufukuza watu kungetosha kuleta uwajibikaji, Kenya ingekuwa shule ambayo mataifa mengine yanatuma wanafunzi.

Haikuwa hivyo, na sababu yake ni ya zamani. Utawala wa chama kimoja uliruhusu mbunge afukuzwe kwa kuwa kufukuzwa kwake hakukumgusa aliye juu. Hasira za mashinani zilimwishia mtu aliyekuwa karibu, zikapoa, na Ikulu ikapokea kundi jipya lenye njaa ya vyeo. Mwananchi naye alizoeshwa kipimo chake cha kumpimia mbunge: amejenga shule ipi, amechanga kiasi gani kwenye harambee, amezika na akina nani. Hakuna aliyemuuliza alipigaje kura kuhusu mswada fulani, maana jibu lilijulikana. Bunge lilikuwa la kugonga muhuri. Kipimo hicho hakikufa na chama kimoja. Mwaka 2003 kilipewa sheria yake, bajeti yake na ofisi yake katika kila eneo bunge, kikaitwa CDF.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo fundo lilipo. Hazina hiyo ya maendeleo ya maeneo bunge, ambayo siku hizi huitwa NG-CDF, hutengewa angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu katika mapato ya taifa, na umaarufu wake umesimama zaidi juu ya basari. Mzazi anayehangaikia karo huchukua fomu, huipeleka shuleni ipigwe muhuri, huenda kwa chifu aithibitishe, pengine na kwa mchungaji au imamu, kisha husubiri kuona kama jina la mwanawe limo katika orodha iliyobandikwa ukutani. Siku ya kugawa, mbunge husimama mbele ya kamera akiwa ameshika hundi ya kadibodi yenye urefu wa meza. Pesa zile ni za kodi ya mzazi huyo huyo, lakini anazipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Ni vigumu kumhoji jioni mtu uliyemshukuru hadharani asubuhi. Mbunge naye anajua kwamba atakumbukwa kwa orodha ile kuliko kwa swali lolote atakalouliza katika kamati, kwa hiyo huweka nguvu zake pale zinapomlipa, na hakuna ajabu katika hilo.

Mahakama zimelisema jambo hili kwa lugha yake. Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya CDF ya 2013 mnamo Agosti 2022, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaibatilisha sheria ya 2015 na kuamuru hazina hiyo ifikie kikomo tarehe 30 Juni 2026. Hoja, ukiivua joho la kisheria, ni kwamba mtu aliyechaguliwa kuisimamia serikali hawezi wakati huo huo kuwa na mkono katika miradi ya serikali hiyo hiyo. Jibu la Bunge la Kitaifa lilikuja Julai 2025: wabunge wa serikali na wa upinzani, karibu kwa sauti moja, walipitisha mswada wa kuiingiza hazina hiyo ndani ya Katiba yenyewe. Bunge ambalo kwa zaidi ya muongo mmoja limeshindwa kupitisha sheria ya kuhakikisha kwamba jinsia moja haizidi thuluthi mbili ya wabunge, hata baada ya Jaji Mkuu David Maraga kumshauri Rais mwaka 2020 alivunje kwa sababu hiyo, siku hiyo halikukosa idadi.

Waandishi wa Katiba ya 2010 waliujua ugonjwa huu na waliacha dawa kadhaa kabatini. Kifungu cha 37 kinalinda maandamano ya amani. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake, na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Kifungu cha 104 kinawapa wapiga kura haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muhula wake kuisha, kisha kinaliachia Bunge lenyewe liandike utaratibu, jambo ambalo ni sawa na kumkabidhi mbuzi kazi ya kusokota kamba atakayofungwa nayo. Kamba ilitoka ilivyotarajiwa. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ilitaka kwanza Mahakama Kuu iwe imethibitisha kosa la mbunge, kisha zipatikane saini za asilimia 30 ya wapiga kura wa eneo bunge zima, zikiwamo za asilimia 15 katika zaidi ya nusu ya wadi, na yote hayo yafanyike ndani ya dirisha la miaka miwili katikati ya muhula. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilivifuta vipengele muhimu vya utaratibu huo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba. Pengo likabaki wazi. Tangu 2010 hakuna mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo.

Na kama utaratibu ungekuwapo, nani angeusimamia? Muda wa makamishna wa mwisho wa IEBC ulikwisha Januari 2023, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Kwa takriban miaka miwili na nusu nchi haikuwa na chombo cha kuendesha hata uchaguzi mdogo. Wakazi wa Banisa, katika kaunti ya Mandera, walimpoteza mbunge wao kwa kifo Machi 2023; nafasi ya kuchagua mwingine waliipata tarehe 27 Novemba 2025. Katikati hapo Miswada ya Fedha mitatu ilipita mikononi mwa Bunge, wa 2023, wa 2024 na wa 2025, na katika yote mitatu Banisa haikuwa na mtu wa kusema ndiyo wala la. Kodi walilipa.

Mlango wa hesabu una kasoro ya aina nyingine. Kifungu cha 229 kinampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali miezi sita kuwasilisha ripoti baada ya mwaka wa fedha kufungwa, na kinalipa Bunge miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Tumezoea kuona kamati zikichambua ripoti za miaka iliyokwisha kusahaulika, afisa anayehojiwa akijitetea kwamba wakati huo hakuwa ofisini, na yule aliyekuwa ofisini akiwa ameshastaafu. Kinga iliyokuwa imebaki ni desturi kwamba kamati ya hesabu za umma huongozwa na mtu wa upinzani. Julai 2024, baada ya Rais William Ruto kulivunja baraza lake la mawaziri kwa shinikizo la maandamano, mwenyekiti wa kamati hiyo, John Mbadi, aliteuliwa kuwa Waziri wa Fedha, naye kiongozi wa wachache katika Bunge la Kitaifa, Opiyo Wandayi, akapewa Wizara ya Kawi. Sina ugomvi na waliokubali uteuzi. Mwanasiasa huwania madaraka kama mvuvi anavyowania samaki. Ninachotaka kionekane ni kwamba nchi ilipokuwa ikidai serikali iulizwe maswali zaidi, wawili kati ya waulizaji wake wakuu walihamishiwa upande wa wanaojibu, na Machi 2025 chama cha Rais, UDA, na chama cha wawili hao, ODM, vikaufunga uhamisho huo kwa mkataba rasmi.

Ni katika mandhari haya ambapo Juni 2024 inapaswa kusomwa. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulilenga kukusanya takriban Sh346 bilioni za ziada. Miongoni mwa mengine ulipendekeza mkate utozwe VAT ya asilimia 16 na mwenye gari alipe kila mwaka ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani yake. Husemwa mara kwa mara kwamba vijana walikimbilia barabarani, na si kweli. Kwanza mswada ulisomwa kifungu kwa kifungu mitandaoni, ukafafanuliwa kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama. Maoni yalipelekwa kwa kamati. Simu za wabunge zilijaa ujumbe hadi wengine wakazizima. Kisha, tarehe 18 Juni, siku ya kwanza ya maandamano yenyewe, kundi la wabunge wa serikali na viongozi wa kamati ya fedha wakatangaza kwamba kodi ya mkate na ya magari zimeondolewa. Wiki kadhaa za maandishi zilikuwa zimeshindwa kupata kilichopatikana kwa saa chache za miguu. Somo hilo halikufundishwa na mchochezi yeyote.

Jumanne ya tarehe 25 wabunge 195 waliunga mkono mswada huo na 106 wakaupinga. Waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, sehemu yake ikawaka moto, watu wakapigwa risasi mita chache kutoka mahali sheria zinapotungwa, na wabunge wakaondolewa kupitia njia ya chini ya ardhi. Kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, maandamano ya miezi hiyo yaligharimu maisha ya takriban watu 60. Jumatano Rais alitangaza kwamba hatautia saini. Nyuma yake pale Ikulu walisimama wabunge wa mrengo wake, wengi wao waliokuwa wamepiga kura ya ndiyo siku iliyotangulia, na alipousema uamuzi wake walipiga makofi. Mimi naiona picha hiyo kuwa nzito kuliko ile ya moshi. Mbunge aliyeuunga mkono mswada Jumanne na kupigia makofi kuuawa kwake Jumatano hajawahi kulazimika kueleza ni katika siku ipi kati ya hizo mbili alikuwa akiwawakilisha watu wake.

Suala la kulazimika kueleza lilifika mahakamani, ingawa kupitia sheria ya mwaka uliotangulia. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, ikisema pamoja na mambo mengine kwamba Bunge lilipaswa kutoa sababu za kuyakubali au kuyakataa maoni ya umma. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu iliirejesha sheria hiyo na kuamua kwamba hakuna wajibu wa wazi wa kutoa sababu za namna hiyo, japo ilihimiza uwekwe utaratibu bora. Kwa sheria ilivyoandikwa, uamuzi huo unaweza kutetewa. Lakini matokeo yake ni kwamba Bunge linalazimika kusikiliza na halilazimiki kujibu. Wajuzi wa lugha watatuonya kwamba wajibu na jibu vimetoka katika mizizi miwili tofauti ya Kiarabu, na wana haki. Hata hivyo sikio la Mswahili husikia jibu ndani ya uwajibikaji, na sidhani kama sikio hilo limekosea sana.

Niliwahi kuhudhuria kikao kimoja cha ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti, katika kaunti nisiyokusudia kuitaja. Kitabu cha bajeti, mamia ya kurasa za Kiingereza, kilikuwa nakala mbili juu ya meza ya mbele. Karatasi ya kwanza kupitishwa mkono kwa mkono ilikuwa ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, simu, saini. Mzee mmoja akasimama na kuuliza kwa nini barabara ya kwao imetengewa fedha miaka mitatu mfululizo na bado ni matope. Afisa akamwambia, “Asante mzee, maoni yako tumeyachukua.” Mzee hakuketi. “Mimi sijatoa maoni,” akasema, “nimeuliza swali.” Watu wakacheka, soda zikagawiwa, kikao kikaendelea na ajenda. Karatasi ile ya mahudhurio, kwa jinsi taratibu hizi zinavyokwenda, ndiyo ushahidi kwamba mzee yule alishirikishwa.

Kuna hoja za upande wa pili, na moja kati yake ni nzito. Inasema kwamba demokrasia ni ya taasisi, na kwamba umati, hata ukiwa na haki, hauna mipaka, hauna mwenyekiti na hauwezi kuondolewa kwa kura. Mwenye duka katikati ya jiji aliyeporwa bidhaa katika maandamano ya kumbukumbu, tarehe 25 Juni 2025, hakuwa ameunga mkono mswada wowote, na hana wa kumdai fidia. Leo barabara inazuia kodi. Kesho barabara hiyo hiyo, ikiongozwa na watu wengine, inaweza kuzuia haki ya kabila dogo au kuamuru matokeo ya uchaguzi. Naikubali hoja hii karibu yote. Ninachokataa ni matumizi yake, kwa sababu wanaoitoa ndio mara nyingi walioshika funguo za taasisi hizo. Anayesema tufuate njia ya taasisi lazima aionyeshe njia yenyewe: ni ofisi ipi, ndani ya siku ngapi, na nini kitatokea ofisi hiyo isipojibu. Bila hivyo anatutaka tu tunyamaze kwa adabu.

Hoja ya pili inamgeukia mpiga kura. Anachagua kwa kabila, inasemwa, anauza kura kwa noti ya shilingi mia mbili na kipande cha sabuni, kwa hiyo anavuna alichopanda. Rushwa ya uchaguzi ipo na inaumiza, wala sina nia ya kuipaka mafuta. Lakini tuitazame kwa jicho la anayeipokea. Kama uzoefu umemfundisha kwamba baada ya kura hatamwona tena mgombea, hatajibiwa barua, na hataweza kumwondoa kwa miaka mitano, basi noti ile ndiyo sehemu pekee ya mkataba ambayo ana hakika italipwa. Anayeuza ahadi kwa bei ya siku hiyo amekadiria, kwa usahihi fulani, thamani ya ahadi zenyewe. Ukitaka kura iwe ghali, ipe kazi baada ya siku ya kupigwa.

Wapo pia wanaoogopa kwamba haki ya kumrudisha mbunge nyumbani itatumiwa na walioshindwa ili kurudia uchaguzi kila mwaka, na kwamba itamfanya mbunge awe mwoga wa kusema ukweli usiopendwa. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake inajulikana. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, haimruhusu yeyote kuanzisha mchakato kwa kuchukizwa tu. Lazima kwanza mbunge awe amepatikana na hatia ya aina fulani mahakamani au amesimamishwa na Bunge lenyewe kwa muda uliowekwa. Mlango huo ukishafunguka, saini za asilimia 10 ya wapiga kura katika wiki sita zinatosha kumwondoa. Mwaka 2018 mbunge wa North Antrim alinusurika kwa sababu saini hazikufika kiwango hicho. Mwaka uliofuata mbunge wa Peterborough akapoteza kiti chake. Ngazi ya kwanza ni ngumu, ya pili inapandika. Sheria yetu ya 2011 ilizifanya ngazi zote ngumu, kisha ikamwambia mwananchi ajitahidi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, nayo ni ile ya kuanzia: subirini 2027. Inachukulia kwamba kura moja inaweza kubeba maswali yote ya miaka mitano. Haiwezi. Siku ya kura mwananchi hupewa karatasi sita, ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wadi, na katika kila moja ana alama moja tu ya kuweka. Hakuna pa kuandika kwamba umempenda mbunge kwa barabara lakini hukumsamehe kwa kura yake ya tarehe 25 Juni. Kwa kuwa majina huletwa na vyama, na vyama ni mali ya vinara, anayeondolewa hufuatwa na mwingine aliyepita katika mlango ule ule, mwenye deni kwa kinara yule yule. Ndiyo maana idadi ya kufukuzwa imekuwa kubwa na mabadiliko yamekuwa madogo. Dalili zilionekana kabla ya maandamano yoyote: katika uchaguzi wa Agosti 2022 daftari lilikuwa na wapiga kura milioni 22.1, vijana wa chini ya miaka 35 wakiwa pungufu ya asilimia 40 na idadi yao ikiwa imeshuka kwa takriban asilimia 5 tangu 2017, na waliojitokeza kupiga kura walikuwa takriban asilimia 65, kutoka karibu asilimia 80 miaka mitano nyuma. Uchovu huo ulikuwa umewafikia wengi kabla Mswada wa Fedha wa 2024 haujaandikwa.

Mtu anaweza kujibu kwamba Bunge linajua kuwawajibisha watu, na mfano upo. Oktoba 2024 hoja ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua iliwasilishwa siku ya kwanza ya mwezi, ikapitishwa na wabunge 281 tarehe 8, na tarehe 17 Seneti ikaithibitisha. Chini ya wiki tatu, pamoja na zoezi la kukusanya maoni ya wananchi katika kaunti zote. Sitaki kuingia katika iwapo mashtaka yalistahili. Kilichonishangaza ni kasi. Mashine ile ile ambayo haina mafuta ya kusukuma ripoti ya ukaguzi kwa miezi mitatu iliyowekwa na Katiba ilizunguka bila kukwama pindi aliye juu alipotaka izunguke. Agosti 2025 aliye juu, Rais mwenyewe, akawageukia wabunge wenyewe, akawashutumu hadharani kwamba kamati zao huitisha hongo. Wabunge wakaghadhibika, wakadai ushahidi, na habari ikafia hapo. Hapo ndipo uwajibikaji wetu unapoonekana ulivyo: unateremka kutoka juu kama amri, na haupandi kutoka chini kama dai.

Kama hili ni kweli, basi kazi iliyopo kabla ya tarehe 10 Agosti 2027 si ya kuhamasisha usajili peke yake. IEBC inalenga mamilioni ya wapiga kura wapya na naitakia heri, maana daftari likikosa vijana wanaobaki kuamua ni wale wale. Lakini kuna mambo matatu yanayoweza kufanywa na Bunge hili bila kura ya maoni na bila gharama ya kutajika. La kwanza ni kuandika sheria ya kutekeleza Kifungu cha 104 na kuifanya ianze kutumika kwa wabunge watakaochaguliwa 2027, ili asitokee wa kulalamika kwamba anajikata mwenyewe shingo. La pili ni sheria ya ushirikishwaji wa umma itakayolazimisha kila kamati kuchapisha, kwa Kiswahili pia, ilichoambiwa, ilichokikataa na sababu ya kukikataa. Mahakama ya Juu ilisema wajibu huo haumo katika Katiba, haikusema Bunge haliwezi kujiwekea. La tatu ni dogo lakini linaniwasha: kura zote kuhusu kodi zipigwe kwa majina, na orodha ibandikwe katika kila ofisi ya eneo bunge, kwenye ukuta ule ule unaobandikwa majina ya basari.

Sina matumaini makubwa kwamba yatapitishwa kwa hiari. Hata hivyo msimu unaokuja ni wa wagombea, na mgombea ni mbunge kabla hajawa na walinzi. Anaweza kuulizwa, kwa jina lake na mbele ya watu, kama atauunga mkono mswada wa kumrudisha mbunge nyumbani katika miezi yake ya kwanza, na akisema kwamba maoni yamechukuliwa, aambiwe kama mzee yule alivyosema. Iulizwe mapema, kabla hundi ya kadibodi haijapandishwa jukwaani.